Vidonge Kumi na Viwili Vilivyobaki

Kwanza nijitambulishe, usije ukadhani unasoma maneno ya mtu asiyejua kitu. Mimi ni Zainabu wa Chunyu, wilaya ya Ruangwa. Nina diploma ya kilimo niliyoilipia ada mwenyewe, kwanza kwa kuuza maandazi, baadaye kwa kuchuma kahawa ya watu huko Karagwe. Hakuna mjomba aliyenisomesha wala mume aliyenifungulia duka. Nilikaa ugenini miaka tisa, nikarudi kusini na mashine mbili za kupulizia mikorosho, nikafungua duka la pembejeo Nachingwea mjini. Leo mkulima wa Lionja akiona mikorosho yake imeshikwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa majani, jirani yake atamwambia: nenda kwa Mama Dozi.

Mama Dozi ni mimi. Jina hilo nilipewa kwa ukali wangu. Mzee akija dukani akitaka nusu ya dawa ili aichanganye na maji mengi ifike shamba zima, namfukuza mbele ya wenzake. Namwambia, "Mdudu ukimpa dozi nusu unamfundisha vita. Mwaka kesho atakuja na watoto wake na dawa yako wataioga." Watu wanacheka, mzee ananuna, lakini analipia dozi kamili. Na mikorosho inazaa. Ushahidi upo, nenda kaangalie.

Sasa mtu huyohuyo, mwenye mdomo huo, alipigwa na malaria hadi akafungwa kamba kama mbuzi. Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja tu: wewe ambaye homa imeshuka siku ya pili, na mkononi umeshika pakiti yenye vidonge vilivyobaki, unajiuliza uviweke wapi. Usiviweke. Soma kwanza.

Mwezi wa Februari nilisafiri kwenda Karagwe kumalizia mambo ya kiwanja changu. Nilirudi na homa. Sikwenda kupima. Niliona aibu kukaa kwenye benchi na kuambiwa kitu ninachokijua. Viungo viliuma kama nimepigwa na mpini wa jembe, na mdomo ulikuwa mchungu hata nikila sukari. Nikanunua dawa ya mseto, vidonge ishirini na vinne, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Nilipomeza mara ya tatu, homa ikakata. Nikaamka mzima, nikafungua duka.

Wengi huacha dozi kwa kusahau, wengine kwa ubahili. Mimi niliacha kwa elimu. Shambani tunafundishwa kukagua kabla ya kupuliza. Unapita mkorosho hadi mkorosho, unaangalia machipukizi, na ukikuta wadudu wamepungua chini ya kiwango, unaacha dawa, kwa sababu sumu isiyo na kazi inaua nyuki. Kanuni hiyo ni nzuri na bado naifundisha. Siku ile nilijikagua kama shamba. Homa, hakuna. Kichwa, hakiumi. Njaa, ipo. Wadudu wamepungua chini ya kiwango. Nikakunja pakiti, nikaweka vidonge kumi na viwili ndani ya kopo la kahawa, na nilijiona nina akili kuliko aliyeandika maelezo kwenye boksi.

Mwisho wa Machi nilikuwa Chunyu kwa mama yangu, tunapalilia ufuta. Homa ikarudi. Nikala vile kumi na viwili vya kopo, nilikuwa nimevibeba. Ikashuka, lakini taratibu, kama mgeni anayeaga huku amekaa. Aprili ikarudi tena. Nikanunua pakiti mpya, nikala nusu, nusu nikaweka. Safari hii homa haikukata vizuri, ilinywea tu. Kwa kiwango changu ilitosha.

Mama yangu anaitwa Bi Somoe. Ni mfupi, mkavu, anapalilia kama watu wawili, na hajawahi kulalamika. Kwa hiyo aliposema ana baridi, nilijua ana baridi kweli. Nikampa vile kumi na viwili vilivyobaki kwenye pakiti mpya.

"Hii si nusu?" akaniuliza, anageuza pakiti.

"Inatosha, mama. Mimi imenisimamisha. Na wewe mwili wako mdogo."

"Haya. Msomi ni wewe."

Akafunga vidonge kwenye pindo la khanga. Mimi nikarudi Nachingwea dukani.

Mei ni mwezi wa ufuta. Nilikwenda Chunyu kusaidia kuukung'uta, kwa sababu mdogo wangu Salumu, ambaye ndiye mpulizaji wangu mkuu msimu wa kupulizia mikorosho salfa, peke yake asingemaliza. Tulikuwa wanne pale uwanjani: mama, Salumu, Mjomba Chilumba ambaye ni kaka yake mama, na mimi. Turubai limetandikwa, mafungu ya ufuta yamekauka vizuri, unayageuza kichwa chini na kuyapiga kwa fimbo, mbegu zinamwagika kama mvua.

Saa tano asubuhi, jua likiwa kichwani, nilishikwa na baridi. Sisemi kutetemeka. Nasema mwili ulinishika ukanipiga chini. Meno yaligongana hadi nikajiuma ulimi, damu ikajaa mdomoni. Waliniingiza ndani wakanilaza kwenye kitanda cha kamba, wakanifunika blanketi, juu yake magunia, juu ya magunia Salumu akanilalia mwenyewe kunibana. Mguu wa kitanda ukavunjika. Nilipoanguka sakafuni niliendelea kurukaruka pale chini kama kuku aliyechinjwa. Kisha baridi ikaondoka ikaja moto. Nilichana gauni langu kwa mikono yangu.

Kinachofuata nakijua nusu kwa kuona na nusu kwa kusimuliwa.

Nilichoona mimi ni hiki. Nilitoka nje nikamkuta mama ameinama kwenye turubai, na usoni mwake amekaa mbu wa mikorosho. Huyo ni mdudu wa shambani anayefyonza machipukizi, mdogo kama mbegu ya tikiti. Lakini huyu alikuwa mkubwa kama kuku. Alikuwa amezamisha mrija wake kwenye mdomo wa mama, anafyonza, na tumbo lake linajaa damu. Mwingine alikuwa kwenye mkono wa Salumu. Nikajua kazi yangu. Mimi ndiye mwenye diploma. Nikachukua mchi kwenye kinu.

Salumu aliinua mkono kunizuia. Nikaupiga. Wanasema mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Kisha nikamgeukia mama, nikamsukumia ncha ya mchi palepale nilipomwona mdudu. Meno yake mawili ya juu yalidondoka kwenye ufuta. Mama hakupiga kelele. Alikaa chini, akafunika mdomo kwa khanga, akasema, "Zainabu, ni mimi."

Nikainua mchi mara ya pili. Mjomba Chilumba akanipiga ngwala, akanikalia mgongoni, akanifunga mikono na miguu kwa kamba za magunia. Makovu bado ninayo viwikoni. Dukani navaa mikono mirefu, watu wanadhani ni staha.

Mjomba aliamua ni jini. Kwake lilikuwa jambo lililo wazi: mwanamke anajisifu kutoka asubuhi hadi jioni, ana mashine, ana duka, nani asimtupie kitu? Akakata fito akaanza kunichapa mgongoni.

"Toka! Taja jina lako! Nani wewe?"

Salumu anasema nilijibu kwa sauti kubwa, "Mama Dozi!"

"Mmesikia?" Mjomba akawageukia majirani waliokuwa wamejaa uwanjani. "Linajiita Dozi. Hili si la hapa. Limetoka naye huko kwenye kahawa."

Watu wakacheka, baadhi yao wakakimbia. Akaendelea kuchapa. Alitaka nipelekwe kwa mtu mmoja anayejua kutoa majini, ng'ambo ya mto. Kwetu sisi, mjomba akisema, amesema. Baba anaweza kuwa hai au amekufa, watoto ni wa mjomba. Hata Salumu, mkono wake ukining'inia kama mkono wa shati, aliongea kwa heshima.

"Mjomba, dada ana malaria. Ameumwa tangu Februari. Twende hospitali."

"Malaria inapiga watu kwa mchi?"

"Mjomba, naomba."

"Wewe nyamaza, kamfunge huo mkono."

Mama alisimama. Damu ilikuwa inamtoka kidevuni hadi kifuani. Akaokota mchi, ule uleule, akausimamisha mbele ya kaka yake mkubwa ambaye hajawahi kumjibu maisha yake yote.

"Ukoo ni wako," akasema, na maneno yakapuliza hewa mahali pa meno. "Mtoto nimemzaa mimi. Ukimgusa tena na hiyo fito, nitamalizia alichoanza."

Mjomba akaitupa fito. Wakanibeba na kamba zangu, wakanipakia kwenye kirikuu ya jirani iliyokuja kuchukua magunia, wakaweka gunia moja la ufuta kila upande ili nisiruke.

Ruangwa, hospitalini, walinilaza sakafuni kwenye foleni kwa sababu benchi nililipiga teke likaangukia watu. Nesi mmoja, namwita Sista kwa kuwa sitaki kumtaja, aliinama kunipima nikamng'ata mkono. Alinipiga kofi moja, akasema, "Samahani, dada," kisha akanitoboa kidole. Nilimshukuru baadaye kwa vyote viwili.

Kuanzia hapo siku zangu zilihesabika kwa sindano. Ya kwanza, ya pili baada ya saa kumi na mbili, ya tatu baada ya saa kumi na mbili nyingine. Kwa kawaida, wanasema, damu husafika haraka. Mimi siku ya tatu nilikuwa nimepata fahamu kidogo, mkono mmoja umefungwa bandeji kwenye chuma cha kitanda, na daktari kijana amesimama anaangalia karatasi ya maabara kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Bado wapo," akamwambia Sista. "Wanapungua, lakini polepole mno. Mletee na kwinini."

Akaweka tone la damu yangu kwenye kipande cha karatasi, akalikausha, akalitia kwenye bahasha. Niliuliza la nini. Akasema la kupelekwa mbali, likaangaliwe vinasaba vya vimelea.

"Mimi nina diploma," nikamwambia. "Niambie moja kwa moja."

"Ukipona tutaongea, mwenye diploma."

Kwinini ni kipigo kingine. Dripu ikiingia, masikio yanaanza kulia kama mashine ya kupulizia iliyowekwa ndani ya kichwa, na haizimwi. Niliona midomo ya watu ikicheza bila sauti. Sukari ikashuka, nikalowa jasho hadi godoro likachuruzika, wakanisukumia maji ya sukari kwenye mshipa. Nilitapika nyongo hadi tumbo likawa halina la kutoa, likaendelea kujikamua lenyewe. Bandama ilivimba, nikawa siwezi kulalia ubavu. Mkojo ulikuwa rangi ya kola. Damu ikaisha mwilini, viganja vikawa vyeupe kama unga wa muhogo.

Ilihitajika damu. Salumu alikuwa na plasta mpya hadi begani, na walimkataa. Aliyelala kitanda cha jirani akanyoosha mkono na kuchangia alikuwa Mjomba Chilumba. Alikuja bila kuitwa. Nilipoanza kusikia tena, nilimsikia akimwambia Sista, "Andika vizuri hapo. Hata hilo jini likirudi, sasa litanikuta mimi humo ndani." Sista alicheka hadi akashika ukuta. Mimi niligeuza uso nikalia. Mgongo wangu ulikuwa bado una mistari yake, na mshipani ilikuwa inaingia damu yake.

Muda wote huo mama alikuwa kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi, namwona. Walitaka kumshona mdomo, akasema mngojee mtoto wangu apone. Alikaa hapo na khanga mdomoni, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilidhani anaficha meno. Alikuwa anaficha baridi. Alikuwa anaibana kwa kukumbatia magoti, ili wasimlaze, ili asiondolewe mlangoni.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, wakati wa kufagia wodi, alianguka. Aliondoka kwenye benchi kichwa mbele, akagonga sakafu, na mwili wake mdogo ukaanza kupigapiga saruji: visigino, viwiko, kisogo. Mtu mzima anashikwa na degedege kama mtoto. Povu lenye damu lilimtoka pale kwenye pengo. Sista alipiga magoti kando yake, akamgeuza ubavu, akaanza kumlegeza nguo shingoni na kiunoni. Pindo la khanga likafunguka.

Vidonge vikadondoka sakafuni. Vilikuwa sita.

Niliving'amua palepale, rangi yake, ukubwa wake. Nilimpa kumi na viwili. Mimi nilikata dozi nusu, na yeye akakata nusu yangu nusu. Alikuwa ameniwekea mimi. Najua, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angemwekea.

Sikumbuki kuamua. Nilichomoa dripu kwa meno, nikavuta mkono uliofungwa hadi bandeji ikakata ngozi, nikaanguka kutoka kitandani, nikatambaa. Damu yangu na ya mjomba ilichora mstari sakafuni. Nilikuwa napiga kelele jina langu mwenyewe, wanasema, Dozi, Dozi, Dozi. Watu wawili walinikandamiza. Nikapiga mmoja kichwa puani. Wakati wananirudisha, mama alibebwa na Salumu kwa mkono wake mzima, miguu yake ikiburuza, na kandambili moja ikabaki kwenye mlango.

Siku tatu hakujua jua wala mvua. Walimpa sindano na kwinini pamoja, tangu mwanzo, kwa sababu yaliyonipata mimi walikuwa wameshayajua. Hilo nalo niliweke hapa: kama nisingelazwa mimi kwanza, mama angekufa wakati wanasubiri damu yake isafike. Ni faraja ndogo, na aliyemtia kwenye hatari hiyo nilikuwa mimi. Yote mawili ni kweli.

Siku hizo tatu ndizo daktari alizokaa kwenye ukingo wa kitanda changu tukaongea.

"Niambie," nikasema. "Ni mimi niliyewafanya hao wadudu kuwa hivi?"

"Hapana. Vinasaba vya kimelea hubadilika vyenyewe, mara moja moja, kwa bahati. Hakuna anayevibadilisha." Akanisogelea. "Nyie shambani mkitaka mbegu nzuri ya msimu ujao mnafanyaje?"

"Tunachagua. Dhaifu tunatupa, imara tunaweka."

"Haya. Dozi nusu inaua nani?"

Jibu nalijua kuliko yeye. Nimelisema dukani miaka minne, nimelipigia wazee kelele nalo. Dozi nusu inaua walio dhaifu. Wanaobaki ni mbegu. Februari nilichagua mbegu. Machi nikachagua tena kutoka kwenye mbegu ile. Aprili mara ya tatu. Nilipepeta damu yangu kama ufuta kwenye ungo, makapi yakaenda na upepo, nikabaki na zile nzito. Kisha nikalala nyumbani kwa mama, mbu akanyonya kwangu akaenda chumba cha pili.

"Kwa hiyo dawa imekufa?" nikauliza.

"Haijafa. Inafanya kazi polepole, na dawa mwenzake iliyomo kwenye kidonge inamalizia. Ila haiwezi kumalizia ikifukuzwa katikati ya kazi. Imalize, ndugu yangu. Na uje kupima. Hata ukiwa na diploma."

Mama alipofumbua macho kitu cha kwanza alichouliza ni, "Ufuta mmeuanua?" Salumu akamwambia umeanuliwa. Alikuwa anadanganya, mvua ya mwisho iliukuta uwanjani, na sehemu kubwa iliota palepale kwenye turubai. Mama akaniangalia mimi, kitanda cha pili. Nilijiandaa kwa maneno. Akasema, "Umekonda. Utafikiri ni wewe uliyepigwa." Akageukia ukuta akalala. Aliyewahi kumwona mama yangu atajua kwamba huo ulikuwa msamaha, na kwamba hautarudiwa.

Tulitoka Juni, wakati mikorosho inaanza maua na wakulima wanataka salfa. Nywele zangu zilitoka kwa mafungu kila nikichana. Masikio yaliendelea kulia hadi Agosti. Nilikuwa nikisimama dukani lazima nishike kaunta. Mkono wa Salumu ulichelewa kuunga, na ukaunga umepinda, kwa hiyo mashine kubwa hawezi tena kuibeba upande wa kulia. Ananiambia, "Usijali dada, sasa napuliza kona." Ni mzaha wake. Mimi sijawahi kuucheka.

Mwezi huohuo wa Agosti daktari alinipigia simu. Majibu ya karatasi mbili za matone ya damu yamerudi, yangu na ya mama. Vimelea wetu wana mabadiliko yaleyale.

"Nimewaleta kutoka Karagwe?"

"Inawezekana. Inawezekana pia walikuwa hapa. Mbu hana tiketi."

Alisema hivyo kwa wema. Nilimshukuru, nikafunga duka mapema siku hiyo.

Usidhani nilinyamaza. Sijaumbwa hivyo. Nilikwenda Lionja kwenye mkutano wa wakulima kuzungumzia dawa za mikorosho, kama kila mwaka. Habari zilikuwa zimeshafika. Mzee mmoja niliyemfukuza dukani mwaka juzi kwa ajili ya nusu chupa alisimama, kofia mkononi, mpole kabisa.

"Mama Dozi, tunaomba kuuliza. Tumesikia na wewe ulichanganya na maji mengi."

Uwanja wote ukacheka. Zamani ningemjibu hadi ajute kuzaliwa. Nikakunja mikono ya gauni, nikawaonesha viwiko vyangu.

"Nilichanganya," nikasema. "Angalieni ilivyonifanya. Na mimi ndiye niliyesoma. Sasa fikirieni nyie."

Wakacheka tena, lakini safari hii pamoja nami. Siku hiyo hakuna aliyeomba nusu. Nakuambia haya si kwa kujisifu tu, ingawa kujisifu kidogo kumo. Nakuambia kwa sababu aibu nayo ni dawa, na ukiimeza nusu inarudi.

Machi mwaka huu mama aliugua tena. Nilimpeleka kupima, nikakaa kwenye benchi lilelile, mikono mapajani, nikingoja kama watu wengine. Malaria. Wakampa mseto, ishirini na vinne. Nilifunga duka siku tatu nikahamia Chunyu. Kila mara nilimpikia uji wa karanga kwanza, kwa sababu dawa inataka mafuta, kisha nilisimama mbele yake hadi ameze.

Siku ya pili homa ilikata. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta shambani, anapalilia kama watu wawili. Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mikorosho, nilimletea vinne vya mwisho. Mjomba Chilumba alikuwepo, amekuja kusalimia.

"Mimi mzima," mama akasema. "Viweke. Kesho na keshokutwa utaugua wewe."

Niliona mkono wake unakwenda kwenye pindo la khanga. Hata yeye aliuona. Ukasimama katikati.

"Mama," nikasema.

Alitia vidonge mdomoni, vyote vinne, akanywa maji hadi kikombe kikawa kitupu. Kisha akafanya kitu ambacho sikumwomba. Alininyooshea shingo, akanishika kidevu kama nilipokuwa mtoto, akanivuta karibu, akafungua mdomo wote, ulimi juu, pengo la meno mawili mbele ya macho yangu.

"Haya, angalia," akasema. "Angalia vizuri."

Nikaangalia. Hakikubaki kitu.